Chuma Kinapotoa Ushahidi: Safari Katika Nchi ya Bunduki Kuukuu za Marekani

Ndugu msomaji, kama umepata kuiona bunduki kuukuu imetundikwa ukutani katika nyumba ya makumbusho, yamkini uliitupia jicho mara moja ukapita. Mtutu umeshika kutu, ubao wa kitako umepasuka, na karatasi iliyobandikwa chini yake inataja mwaka na jina la kiwanda, basi. Chuma kimekaa kimya. Lakini wako watu wanaojua kukisemesha. Kwa kuitazama chapa ndogo kuliko ukucha, nundu katika bamba la mtambo, au kovu lililoachwa juu ya ganda la risasi, wao hukuambia bunduki hiyo ilitoka katika mikono ya nani, ikaingia katika mikono ya nani, na lini. Mara nyingine hueleza pia yale ambayo wakubwa wa zama zile hawakupenda yaandikwe.

Leo nakualika tusafiri kwa mawazo mpaka Marekani, tuzuru mahali patatu ambapo bunduki za kale za jeshi la nchi ile zilitengenezwa, zikaporwa na zikapiganiwa. Tutaanzia Springfield, katika jimbo la Massachusetts. Tutateremka hadi Harpers Ferry, mahali mito miwili inapokutana. Na tutamalizia kwenye vilima vya majani vya Montana.

KILIMA CHA SPRINGFIELD

Mji wa Springfield umekaa kando ya mto Connecticut, magharibi ya Boston, mwendo wa kilomita 140 hivi. Jimbo la Massachusetts si geni kabisa kwa watu wa pwani yetu. Kutoka bandari yake ya Salem ndiko zilikotoka jahazi nyingi zilizoleta Unguja, katika karne ya 19, ile nguo nyeupe ya pamba ambayo mpaka leo twaiita merekani. Bunduki na baruti nazo zilikuwa miongoni mwa bidhaa za biashara ile. Mkataba uliotiwa saini Muscat mwezi Septemba 1833, baina ya Sayyid Said na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, ulizitaja kwa jina: katika kisiwa cha Unguja, bunduki na baruti zingeuzwa kwa serikali peke yake.

Juu ya kilima cha Springfield pana majengo marefu ya matofali mekundu yaliyozunguka kiwanja kipana. Hapo palikuwa na ghala la silaha tangu vita vya kupigania uhuru wa Marekani. Tarehe 25 Januari 1787 wakulima waliolemewa na madeni na kodi, wengi wao wakiwa ni askari wa zamani wa vita hivyo, walikipanda kilima hicho wakiongozwa na Daniel Shays ili waitwae silaha ile. Walipigwa kwa mizinga, wanne wakafa. Miaka saba baadaye, mwaka 1794, taifa liliamua kwamba mahali hapo pawe na kiwanda chake la kwanza la kutengeneza bunduki, na mwaka 1795 kazi ikaanza.

Bunduki ya kwanza ya Springfield ilikuwa gobori la gumegume, lililoigwa kutoka bunduki ya Kifaransa ya mwaka 1763. Askari alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki. Kisha jiwe la gumegume likagonga chuma, cheche ikaruka na baruti ikalipuka. Katika miaka ya 1840 gumegume liliondoka, ikaingia fataki ya shaba. Mwaka 1855 ikaja bunduki ambayo mtutu wake ulichongwa ndani mifuo ya mzunguko, ili risasi itoke inazunguka na kwenda mbali bila ya kuyumba. Hiyo ndiyo raifeli.

NAMNA YA KUISOMA

Sasa tuseme umesimama mbele ya raifeli ya mwaka 1861, ile iliyobebwa na askari wengi wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Pete tatu za chuma zimeufunga mtutu, wenye urefu wa karibu mita moja, pamoja na ubao wa mti wa mjozi. Utaisomaje?

Anza na bamba la mtambo, upande wa kulia. Mbele ya nyundo utaona tai, herufi U.S. na jina SPRINGFIELD; nyuma ya nyundo utaona mwaka. Ikiwa mahali pa Springfield pana jina jingine, kwa mfano la mji wa Norwich au Bridesburg, jua ya kuwa bunduki hiyo ilitengenezwa na kampuni binafsi kwa mkataba wa serikali. Kiwanda cha Springfield, ambacho mwaka 1860 kilitoa bunduki 10,000 hivi, mwaka 1864 kilitoa zaidi ya laki mbili na nusu. Hata hivyo vita vilizimeza zote vikataka nyingine.

Kisha tazama juu ya mtutu, karibu na mtambo. Hapo pana herufi V, herufi P, na kichwa cha tai. Ya kwanza yasema mtutu umekaguliwa kwa macho. Ya pili yasema umejaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida na haukupasuka. Mwisho geukia ubao, upande wa kushoto. Hapo utakuta muhuri uliopigwa ndani ya mti, wenye herufi za jina la mkaguzi. Herufi ESA ni za Erskine S. Allin, fundi mkuu wa Springfield. Herufi SWP, katika bunduki za miaka ya 1870 na baadaye, ni za Samuel W. Porter. Mtu huyo alitia jina lake pale kumaanisha: mimi nimeiona, nami nakubali lawama.

Nambari nayo si pambo. Chukua mfano wa raifeli ya mwaka 1903, iliyotengenezwa hapo hapo Springfield na kutumiwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917 baadhi ya bunduki hizo zilipasuka mikononi mwa wapiga risasi. Wachunguzi walipofuata mkondo wa kazi walifika kwenye matanuri. Kwa miaka mingi mafundi walipima joto la chuma kwa macho, wakiangalia rangi yake kinapowaka. Walikuwa ni mafundi hodari. Lakini vipimo vilipoletwa ilionekana kwamba rangi ile ile iliyoonekana sawa siku ya mawingu, siku ya jua kali ilikuwa ya chuma chenye joto zaidi kwa digrii 150 na ziada za Selsiasi. Jua lilikuwa likilidanganya jicho, na chuma kilichopita kiasi cha moto kikawa kinakatika kama kigae. Mwaka 1918 njia ya kazi ilibadilishwa na vipimo vikawekwa. Tangu hapo asomaye nambari iliyo chini ya 800,000 kwenye raifeli ya Springfield ya aina hiyo anajua kwamba ameshika bunduki ya kutundikwa, asithubutu kuifyatua.

Katika kilima hiki pia ndipo Thomas Blanchard alipoweka, katika miaka ya 1820, mashine yake ya kukereza ubao wa bunduki. Kabla yake fundi alichonga kitako kimoja kimoja kwa patasi na msasa. Mashine ya Blanchard ilifuata umbo la kielelezo cha chuma na kuchonga mti ulio sawa nacho, kwa mipindo yake yote. Baadaye mashine za aina hiyo zilitengeneza mipini ya mashoka na vielelezo vya viatu. Yamkini, ndugu msomaji, mpini ulio nyumbani kwako una nasaba na kilima kile.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1968. Sehemu ya majengo yake sasa ni chuo cha ufundi, na sehemu nyingine ni makumbusho ya taifa. Humo mna kabati kubwa la mitutu ya mwaka 1861 iliyosimamishwa safu juu ya safu. Makabati ya namna hiyo ndiyo yaliyomfanya mshairi Henry Wadsworth Longfellow, alipozuru hapo na mkewe mwaka 1843, ayafananishe na kinanda kikubwa cha kanisani, kisha akatunga shairi la kulaani vita.

HARPERS FERRY, MITO INAPOKUTANA

Kiwanda cha pili cha taifa kilijengwa kusini, Harpers Ferry, mahali ambapo mto Shenandoah unaingia katika mto Potomac. Wakati ule palikuwa katika jimbo la Virginia. Leo ni West Virginia. Milima imepakana na maji pande zote, nayo maji yale ndiyo yaliyozungusha magurudumu ya mashine. Bunduki zilianza kutoka hapo mwaka 1801.

Mahali hapa panatufundisha kwamba chuma humpa kila mtu haki yake, hata kama imechelewa. Kwa muda mrefu wanafunzi wa Marekani walifundishwa ya kuwa Eli Whitney, mtu mashuhuri wa mashine ya kuchambua pamba, ndiye aliyebuni bunduki ambazo vyuma vyake vinaweza kubadilishana, yaani chuma cha bunduki hii kikae sawasawa katika bunduki ile. Mwaka 1801 aliwaonyesha wakubwa wa serikali jambo hilo, nao wakastaajabu. Mkataba wake wa mwaka 1798 ulikuwa wa bunduki 10,000 katika muda wa miaka miwili. Alimaliza mwaka 1809. Karne ya 20 wataalamu walipozifungua bunduki zake zilizobaki, walikuta vyuma vimetiwa alama za kupatanishwa kimoja kimoja kwa mkono, kila kimoja na mwenzake. Vyuma vinavyobadilishana vina haja gani ya kutiwa alama ili visipotezane?

Aliyelitimiza jambo hilo hasa ni fundi asiyejulikana sana, John Hall. Karakana yake ilikuwa kando ya mto Shenandoah, naye alitengeneza raifeli ya mwaka 1819, iliyotiwa risasi kwa nyuma badala ya mdomoni. Mwishoni mwa mwaka 1826 tume ya wakaguzi ilizifungua bunduki zake, ikavichanganya vyuma, kisha ikaviunga upya juu ya mbao nyingine. Vyote vilikaa. Utaratibu huo wa kazi ndio uliokuja kuzaa cherehani, baiskeli na motokaa za viwandani.

Lakini jina la Harpers Ferry halikukumbukwa kwa sababu ya Hall. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859 John Brown, mzungu aliyeuchukia utumwa kwa moyo wake wote, aliingia mjini pamoja na kundi dogo la wafuasi. Shabaha yao ilikuwa ni kuiteka silaha ya taifa ili watumwa wajikomboe. Kati ya wafuasi wake 21, watano walikuwa ni watu Weusi: Dangerfield Newby, Lewis Leary, John Copeland, Shields Green na Osborne Perry Anderson. Newby alikuwa na mke na watoto waliokuwa bado utumwani huko huko Virginia, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza wa kundi lile kuuawa. Leary na Copeland walikuwa miongoni mwa waliopewa kuishika karakana ya Hall. Leary alipigwa risasi akafa, Copeland akakamatwa na kunyongwa. Brown mwenyewe alinyongwa tarehe 2 Desemba 1859. Anderson aliponyoka, akaandika kitabu cha ushuhuda. Wala tusifiche: mtu wa kwanza kuuawa na kundi hilo alikuwa Heyward Shepherd, mtu Mweusi huru, mfanyakazi wa reli.

Mwaka mmoja na nusu baadaye vita vilikuwa vimefika. Tarehe 18 Aprili 1861 askari wa Kaskazini walikitia moto kiwanda ili kisiangukie mikononi mwa majimbo ya Kusini yaliyojitenga kuutetea utumwa. Majengo mengi hayakuungua upesi, na mashine zikaokolewa. Watu wa Kusini walizing'oa, wakazipeleka Richmond na Fayetteville.

Hapa ndipo jicho la mjuzi linapofanya kazi. Raifeli ya mwaka 1855, iliyotengenezwa Harpers Ferry, ilikuwa na kisanduku ndani ya bamba la mtambo, na ndani yake utepe wa karatasi wenye vidonge vya fataki, mfano wa ule wa bastola za watoto za kuchezea. Kwa sababu ya kisanduku hicho bamba lilikuwa na nundu. Utepe ulishindwa na unyevu, ukaachwa. Lakini vielelezo vya kufulia bamba vilivyofika Richmond vilikuwa ni vile vile. Basi mafundi wa Richmond wakafua mabamba yenye nundu, ingawa ndani hamna kisanduku wala utepe. Ukiiona bunduki ya fataki yenye nundu isiyo na kazi, na herufi C.S. na jina RICHMOND, umeiona mali iliyoporwa, ikibeba mwilini mwake alama ya mahali ilipoibiwa.

Ujuzi wa Harpers Ferry ulivuka hata bahari. James Henry Burton, fundi wa hapo, aliajiriwa na Waingereza mwaka 1855 kwenda Enfield kusimamia mashine zilizonunuliwa Marekani. Vita vilipoanza alikuwa amekwisha rudi, akaongoza kiwanda cha Richmond. Jina la Enfield twalijua, kwa kuwa ndilo lililokuwamo katika bunduki walizobeba babu zetu waliotiwa katika jeshi la KAR kupigana vita visivyokuwa vyao.

Harpers Ferry haikupata tena kiwanda. Ilipata shule: mwaka 1867 kilianzishwa hapo chuo cha Storer kwa ajili ya waliotoka utumwani. Mwezi Agosti 1906 W. E. B. Du Bois, yule mwanachuoni aliyefia Accra mwaka 1963, aliwakusanya hapo wenzake kudai haki kamili za raia.

MONTANA: MASHAHIDI CHINI YA MAJANI

Baada ya vita, serikali ilikuwa na magobori mengi mno. Erskine Allin, yule mwenye muhuri wa ESA, alibuni njia ya kuukata mtutu kwa nyuma na kuutia mlango mdogo unaofunguka kwenda juu, ili risasi yenye ganda la shaba itiwe hapo. Kutokana na njia hiyo ikatoka bunduki ya mwaka 1873, imara, ila ilitoa risasi moja kwa mara moja. Utaitambua kwa mlango wake huo.

Bunduki fupi za aina hiyo ndizo walizokuwa nazo askari wa farasi wa George Armstrong Custer tarehe 25 Juni 1876, kando ya mto Little Bighorn, walipowashambulia Walakota, Wacheyenne na Waarapaho waliokuwa wamepiga kambi na familia zao. Custer na watu wapatao 210 waliokuwa pamoja naye walikufa wote. Kwa zaidi ya miaka 100 picha na hadithi zilimwonyesha amesimama kilimani, akipigana mpaka risasi ya mwisho. Wazee wa Kilakota na Kicheyenne waliokuwapo walisimulia mambo mengine: kwamba askari walivurugika, kwamba vita katika sehemu nyingine vilikwisha upesi, na kwamba wao wenyewe walikuwa na bunduki za kufululiza risasi. Wengi waliyachukulia maneno hayo kuwa ni porojo za watu wasiojua kusoma.

Mwaka 1983 moto uliunguza majani ya uwanja ule. Mwaka 1984 na 1985 wataalamu wa mambo ya kale, wakiongozwa na Douglas Scott na Richard Fox, waliupita uwanja hatua kwa hatua wakiwa na vyombo vya kutambua madini. Kila ganda na kila risasi waliiandika mahali ilipolala. Kisha wakafanya kama wafanyavyo askari wa upelelezi. Kila bunduki, inapofyatuka, msumari wake huacha kovu katika kitako cha ganda, na kovu la bunduki moja si la nyingine. Chini ya hadubini makovu hayo yalisomeka kama alama za vidole. Wakaweza kuifuata bunduki moja ikitoka mahali hadi mahali juu ya uwanja, hata kama aliyeishika alikwisha kufa zaidi ya karne.

Ushahidi ulikuwa huu. Wenyeji walikuwa na zaidi ya aina 40 za bunduki, zikiwamo Henry na Winchester za kufululiza risasi zilizotoka New Haven, Connecticut. Maganda yao yalikuwa mengi mahali wazee walipopataja. Maganda ya askari, kwa upande mwingine, yalikuwa machache mno mahali ambapo hadithi ilisema walisimama imara. Ile dhana kwamba askari walishindwa kwa sababu maganda yalikwama ndani ya bunduki zao nayo ilipungua nguvu, kwa kuwa maganda yenye alama za kukwanguliwa yalikuwa machache. Waliokuwa wakiambiwa waongo walikuwa wamesema kweli.

Mwaka 1991 uwanja ule, uliokuwa ukiitwa kwa jina la Custer, ulipewa jina la mto. Mwaka 2003 likazinduliwa hapo jengo la kumbukumbu ya wenyeji waliokufa wakiitetea nchi yao.

YATUPASAYO

Ndugu msomaji, sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inaihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ni kitu cha kale. Kwa hiyo imekuwa mali ya wakusanyaji, na penye mali hapakosi walaghai. Wako wanaopiga mihuri mipya juu ya vyuma vya zamani, na kuongeza tai mahali asipokuwapo. Ndiyo sababu mjuzi haamini chapa moja. Huuliza bamba, kisha mtutu, kisha ubao, kisha nambari, kama hakimu aulizavyo mashahidi mbalimbali, akingoja kauli zao zipatane. Wala hathubutu kukikwangua chuma kwa msasa ili king'ae, maana akiiondoa kutu kwa pupa huenda akaliondoa na jina.

Hapa kwetu nazo ziko silaha za zamani katika makumbusho na katika nyumba za wazee: magobori, mikuki, mapanga ya kufuliwa kijijini. Ukiingia makumbusho pamoja na watoto Jumapili moja, usiwapitishe mbio. Wasimamishe mbele ya chuma kimoja tu na uwaulize: nani alikifua? Nani alikibeba? Alama hii ni ya nini? Na ikiwa nyumbani yupo mzee anayesimulia habari za vita vya kale, mketisheni mumsikilize, mwandike asemayo. Wazee wa Little Bighorn walingoja zaidi ya miaka 100 mpaka maganda ya shaba yalipowatolea ushahidi, na wakati huo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa hai kuusikia.